Kiti cha Shahidi

Kanuni ya utepe ilijulikana na kila mwanachama wa Klabu ya Robo Maili. Ilijulikana pia na wake zao, na waume zao, na hata mchungaji wa kanisa la Mtakatifu Yohana, ambaye hakuwahi kushindana na mtu kwa gari. Gari jipya lenye nguvu likiingia mikononi mwa mwanachama, mwenyekiti hubandika kipande cha utepe mweupe juu ya kioo cha kipimo cha mizunguko ya injini, pale penye elfu nne. Mpaka gari litimize maili elfu moja na mia tano, na oili ya kwanza imwagwe, mshale hauruhusiwi kuvuka utepe huo. Ringi za pistoni ni ngeni kwa kuta za silinda. Zinahitaji kusuguana kwa adabu, kwa mwendo unaopanda na kushuka, bila pupa, hadi zikae mahali pake. Injini iliyokimbizwa kabla ya kukaa huweza kunguruma vizuri kwa miaka mingi, lakini hula oili, na mwenyewe huikumbuka aibu hiyo kila anapofungua boneti.

Ili kanuni isibaki kuwa maneno matupu, katika maili mia tatu za mwisho mwenye gari hukaa na shahidi kando yake. Mshale ukivuka utepe, shahidi ndiye atakayeliendesha gari hilo katika mbio yake ya kwanza uwanjani, na jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye kibao cha shaba ukutani mwa klabu. Mbio ya kwanza ya gari hairudiwi. Lakini shahidi naye amewekewa mpaka. Anaweza kutania, kukejeli, kuimba, na kutukana kwa kiasi ambacho kanisa linavumilia. Jambo moja tu amekatazwa, nalo ni kumwamuru dereva akanyage mafuta. Akitoa amri hiyo, dereva hana hatia hata mshale ukifika mwisho wa kipimo, na vibao vyote vya shahidi huyo hung'olewa ukutani.

Arvin Gremel aliijua kanuni hiyo kwa miaka thelathini bila kupata haja nayo. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari, na kila gari alilowahi kulipeleka uwanjani lilikuwa limepita kwanza mikononi mwa mtu mwingine. Alinunua injini zilizokwisha kudhulumiwa, akazifungua, akazitibu, akashindana nazo na mara nyingi akashinda. Ila hapakuwa na hata moja ambayo aliweza kusema kwamba aliilea tangu siku ya kwanza. Katika chumba cha klabu ulitundikwa ubao mrefu wa mwaloni wenye majina ya wale walioendesha mbio ya kwanza ya gari jipya. Jina lake halikuwamo.

Mwaka aliostaafu, mkewe Lorna alimwambia akanunue gari ambalo hakuna mtu aliyelikalia, kwa kuwa alikuwa amechoka kumsikia akiwalaumu watu asiowajua kwa kuharibu injini. Arvin akanunua. Lilikuwa gari la silinda nane, gia za mkono, rangi ya kijivu kama ziwa la mwezi wa Novemba. Mwenyekiti, Norma Zeilinger, akabandika utepe kwa mkono wake. Ndipo zikaja habari kwamba shamba la Shebeon, ulipokuwa uwanja wao wa mbio za robo maili, limeuzwa. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba ingekuwa ya mwisho kabisa. Baada ya theluji kuyeyuka lami ingeng'olewa na kupandwa viazisukari. Na kwenye ule ubao wa mwaloni palikuwa pamebaki nafasi ya kibao kimoja. Arvin alikwenda kuitazama nafasi hiyo, akaipima kwa kidole gumba, akarudi nyumbani.

Shahidi alipatikana kwa kura iliyotolewa katika kopo la kahawa. Norma alipolisoma jina, watu walicheka, kisha wakamgeukia Arvin. Lilikuwa jina la Duane Kuhl, kaka yake Lorna. Maisha yake yote Duane alikuwa ameendesha magari ya maziwa ya watu wengine, wala hakupata kumiliki gari jipya. Hata hivyo alikuwa na vibao viwili ukutani, na vyote viwili alivipata akiwa amekaa kiti cha shahidi. Hakuna aliyewahi kumsikia akivunja kanuni. Alichovunja ni madereva.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mbio, zikiwa zimebaki zile maili mia tatu za mwisho, Arvin aliiwasha injini na kuiacha ipate joto taratibu mbele ya nyumba. Duane alikuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa barabara, ana kikombe kitupu cha karatasi mkono mmoja na mfuko wa mbegu za alizeti mkono wa pili. Akaingia, akajifunga mkanda, akajitikisatikisa kitini kama kuku anayetaka kutaga.

"Kiti kizuri hiki, shemeji," alisema. "Ila hicho chako nadhani kitanikaa vizuri zaidi kesho."

"Kula mbegu zako."

"Nakula. Na maganda naweka kwenye kikombe, usije ukasema nimekuchafulia. Mtu haharibu kitu ambacho kesho atakitumia."

Lorna alitoka na chupa ya kahawa, akaipitisha dirishani. Aliwatazama wote wawili kama atazamavyo mama mwenye nyumba maziwa yaliyo motoni.

"Mrudi kabla ya chakula cha samaki cha Ijumaa kanisani," akasema. "Duane, usimtie mume wangu wazimu."

"Dada, mimi ni mtazamaji tu."

"Ndivyo ulivyomwambia mke wa Elroy."

Duane akacheka na kutema ganda. Elroy Damm alikuwa mtu wa kwanza aliyevunjwa na Duane. Inasemekana Duane hakufanya lolote ila kumsimulia, kwa upole na kwa muda mrefu, jinsi baba yake Elroy alivyokuwa akiendesha trekta: kwamba alikuwa mwoga wa mtelemko. Elroy akavumilia hadi mji wa Caro. Baada ya Caro, mshale ukavuka.

Waliondoka. Arvin aliendesha kama afundishavyo mtu mwenye subira. Gia ya pili hadi mshale ukaribie utepe, kisha mguu juu, injini ijivute yenyewe kurudi chini. Gia ya tatu, halafu ya nne, kisha polepole tena. Mwendo mmoja usiobadilika nao ni sumu kwa injini changa: ringi huzoea mahali pamoja, kuta za silinda hung'aa kama kioo, na kisha hapana kinachoshika tena. Kwa hiyo mguu wa Arvin haukupumzika, na jicho lake halikuondoka kwenye utepe kwa muda mrefu. Mashamba yalikuwa yamevunwa nusu. Upepo ulitoka ziwani, na makundi ya mabata bukini yalipita juu yakielekea kusini.

"Kule nyuma nimeona mwanamke na mashine ya kukatia majani," Duane alisema. "Alikuwa anataka kutupita, akaona haya."

Arvin alibadilisha gia.

"Sikulaumu. Gari lenyewe halijui kuwa ni gari. Linadhani ni kabati."

"Umewahi kulea kitu chochote, Duane?"

"Nilimlea dada yangu. Angalia alivyoniangusha alipokuja kuolewa."

Arvin alitabasamu bila kutaka, na papo hapo akauona mshale umekaribia utepe kwa upana wa uzi. Akaondoa mguu haraka. Duane alikuwa ameinama mbele kidogo. Naye akarudi nyuma kitini, akachukua mbegu nyingine. Hapo ndipo Arvin alipotambua jinsi mtu huyu alivyofanya kazi yake. Mzaha ulikuwa kama kidole kinachobonyeza ukuta kutafuta penye unyevu. Kuanzia hapo hakutabasamu tena.

Mchana walikula supu ya maharage katika mkahawa wa mji wa Bad Axe, gari likiwa mbele ya dirisha ambapo wote wawili waliweza kuliona. Duane alimega mkate wake vipande vidogo, akavipanga pembeni mwa bakuli.

"Unajua kwamba baada ya kesho hapana tena," alisema hatimaye.

"Najua."

"Vile vibao vyangu viwili, watu wanavicheka. Usitikise kichwa, wanavicheka. Wanasema Duane ni mwizi wa mbio za wenzake. Lakini usiku wa kuamkia mbio ile ya gari la Elroy sikulala. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini, nikakaa kitandani kama mtoto anayengoja Krismasi." Akafuta bakuli kwa mkate. "Basi usinichukie nikitaka cha tatu. Nakitaka kama unavyokitaka wewe."

"Sikuchukii. Lakini hukipati."

"Tutaona, shemeji."

Wakati wa kurudi barabara ilikuwa imejaa matope ya mavuno. Malori ya viazisukari yalikuwa yakitoka mashambani kwenda kiwandani, yamerundikwa juu kama vilima, na kila yalipopita kwenye bonde viazi viwili vitatu vilianguka na kudunda barabarani. Arvin alijikuta nyuma ya malori mawili yanayofuatana. Nyuma yake likaja gari kubwa la maziwa, likakaa karibu. Yakaenda hivyo, mwendo ule ule, maili baada ya maili, mshale umesimama mahali pamoja kana kwamba umepigiliwa msumari.

"Inang'aa," Duane alisema akitazama nje.

"Nini?"

"Kuta za silinda zako. Nazisikia zinang'aa."

Arvin alikuwa analijua jambo hilo kabla ya kuambiwa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alijaribu kupunguza mwendo ili kuubadilisha. Gari la maziwa likapiga honi. Alijaribu kuongeza; matope ya lori yakamrukia kiooni. Barabara mbele ilikuwa imenyooka na kuonekana tambarare hadi upeo wa macho. Kati ya lori la kwanza na la pili palikuwa na nafasi ya kutosha gari moja na ziada. Angelipita la nyuma, akaingia katikati, injini ingepanda na kushuka kama inavyotakiwa, kisha angengojea nafasi nyingine. Alirudisha gia hadi ya tatu, akawasha taa ya ishara, akatoka.

Mshale ulipanda vizuri. Alilifikia tairi la nyuma la lori, kisha la katikati, na upepo wa viazi na udongo ukaingia ndani ya gari. Mshale ukagusa ukingo wa utepe. Hapo akaubakiza mguu, si juu wala chini. Gari likaendelea kulipita lori, lakini polepole, kama mtu anayetembea kando ya treni inayoondoka.

Ndipo lori la mbele lilipopunguza mwendo. Pengine dereva wake aliona viazi barabarani. Nafasi iliyokuwa kati ya malori ikajifunga kama kinywa. Arvin alitazama kwenye kioo: gari la maziwa lilikuwa limesogea na kujaza mahali alipotoka. Hapakuwa na pa kurudi. Ilibaki mbele tu, kulipita lori la mbele pia, na mbele barabara ilikuwa tupu.

Haikuwa tupu. Pale ilipoonekana tambarare palikuwa na mfereji na daraja, na barabara ilizama hapo kidogo, kiasi cha kuficha gari. Kutoka katika mzamo huo ikaibuka pikapu iliyokuwa ikivuta mashua ya wawinda bata. Ilikuja upande wao.

Arvin aliiona. Aliona pia, kwa pembe ya jicho, kwamba Duane alikuwa akiutazama mshale, si barabara. Kisha Duane akainua macho, naye akaiona.

Chini ya mguu wa Arvin palikuwa na nguvu ambayo hakuwahi kuigusa tangu alinunue gari. Alijua kwamba akiikanyaga, gari lingeruka mbele ya malori yote mawili kabla pikapu haijafika nusu ya njia. Angeweza kuingiza gia ya nne kuuokoa utepe, lakini gia ya nne bila kukanyaga ingelifanya gari kukaa kando ya lori kama fanicha. Yote hayo aliyajua kwa uwazi wa ajabu. Mikono yake ilikuwa imetulia. Aliijua na ile kanuni nyingine, na neno moja lililokuwa katika kinywa cha mtu aliyekaa kando yake. Duane akilisema, utepe ungekuwa kama haukuwapo. Na mtu yeyote mwenye akili, akiona kifo kinakuja na taa zimewaka, angelisema.

Akangoja.

Duane hakusema. Kikombe cha maganda kilikuwa kimebonyea mkononi mwake. Alikuwa akiutazama mguu wa Arvin sasa, naye Arvin akafahamu kwamba Duane pia alikuwa akingoja; kwamba mguu ule ukishuka wenyewe, kibao cha tatu ni chake. Pikapu ilimulika taa mara moja, halafu ikaziacha zikiwaka. Honi yake ikaanza kusikika, nyembamba, ikizidi kunenepa. Lori lilikuwa bado kando yao. Uso wa dereva wa pikapu ukapata umbo, na kofia, na mdomo uliofunguka.

"Kanyaga," Duane akasema.

Hakulisema kwa sauti kubwa. Alilisema kama mtu anayeweka mzigo chini. Mguu wa Arvin ulikuwa sakafuni kabla neno halijaisha, na injini ikatoa sauti ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuisikia, sauti yake yenyewe. Mshale ukaupita utepe na kuendelea kupanda, viti vikawasukuma migongoni, malori yote mawili yakabaki nyuma, Arvin akarudi kwenye upande wake wa barabara, na pikapu ikapita upande wa pili kwa mlio mrefu na mashua inayoyumba, karibu kiasi kwamba matope yake yalipiga dirisha lake lote.

Baada ya hapo Arvin aliendesha mpaka penye ghala la maharage, akaingia uani, akazima injini. Chuma kilikuwa kikilialia kwa joto. Duane alifungua mlango, akamwaga maganda yote chini, akakaa na miguu nje.

"Nimelisema," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Basi hongera. Hawatakucheka wewe." Akajaribu kutema, mdomo ulikuwa mkavu. "Ulipigwa na butwaa. Si kitu, humpata mtu yeyote. Mimi mwenyewe niliwahi kuganda hivyo kwenye barafu, na tangi limejaa maziwa. Mwili unakataa tu."

Arvin alikuwa na nafasi ya kusema. Alitazama kioo cha mbele kilichotapakaa udongo, akafikiri kwamba kinahitaji kuoshwa.

"Twende," akasema. "Lorna anatungoja."

Maili zilizobaki zilimalizika kabla ya jua kushuka, na hakuna kati yao aliyetania. Katika banda lake Arvin aliimwaga oili ya kwanza, akalikata chujio la oili kwa msumeno mdogo, akalikunjua juu ya karatasi nyeupe. Duane alimshikia taa. Wote wawili waliinama na kutafuta vumbi la chuma, kama watafutavyo madaktari. Hapakuwa na kitu ila ule mng'ao hafifu ambao kila injini changa hutoa. Ringi zilikuwa zimekaa. Kule kukanyagwa mara moja hakukuwa kumeidhuru injini hata kidogo, na Arvin aligundua kwamba kwa sababu fulani alikuwa ametaka iwe imeidhuru.

Kanisani alikaa mbele ya samaki wake bila kuwagusa. Meza ya pili Duane alikuwa akiwasimulia watu, na watu wakicheka.

"Anasema alikuokoa," Lorna alisema.

"Kweli."

"Anasema uliganda."

Arvin alisogeza sahani. "Anasema hivyo."

Lorna alimtazama kwa muda. Walikuwa wameoana miaka mingi, na alikuwa amekwisha kujua tofauti kati ya mtu anayekubali jambo na mtu anayelirudia tu. "Yule ni kaka yangu, Arvin," akasema taratibu, kisha akaendelea kula.

Jumamosi kulipambazuka kwa baridi na jua. Shebeon ilijaa watu kuliko miaka yote, kwa kuwa watu hupenda kuaga. Kabla ya mbio wanachama walikusanyika katika chumba cha klabu, mbele ya ubao wa mwaloni. Norma Zeilinger alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti iliyofundisha shule ya Jumapili kwa vizazi viwili, na mkononi alikuwa na bisibisi.

"Shahidi," alisema. "Mshale ulivuka?"

"Ulivuka, mama," Duane akajibu.

"Ulimwamuru?"

"Nilimwamuru. Nilisema kanyaga, na ningelisema tena."

Wanachama walinong'ona. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba Duane amekuwa Mkristo mwishowe, na wengine wakacheka kidogo.

"Basi dereva hana hatia," Norma alisema. "Na vibao vya shahidi vinashuka. Unalo neno, Duane?"

"Shusha tu. Viwili si vingi."

Norma akageukia ubao. Alikuwa mwanamke wa kanuni, na mkono wake haukusita. Skrubu ya kwanza ililia ilipozunguka. Ilikuwa hapo kwa muda mrefu. Kibao cha gari la Elroy kilitoka na kuacha alama ya mstatili wa mbao nyepesi. Cha pili kikafuata. Akaviweka mezani, vimelala kifudifudi. Duane alivitazama, kisha akatazama dirisha.

"Norma," Arvin akasema. "Mimi ninalo neno."

"Wewe huna kesi."

"Ninayo. Shemeji amewaambia kwamba niliganda. Sikuganda." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza ubovu wa pampu. "Niliiona ile pikapu tangu ilipoibuka. Nilijua la kufanya, na mguu wangu ulikuwa mzima. Nilikuwa nangoja aseme yeye, ili utepe usinihesabie. Niliitazama inakuja, nikangoja."

Nje, injini ya mtu ilinguruma na kuzimwa.

Norma aliigeuzageuza bisibisi mkononi. "Kanuni haisemi chochote juu ya kungoja," akasema.

"Najua haisemi."

"Kwa hiyo siwezi kukuadhibu."

"Najua huwezi." Arvin akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa gari, akamnyooshea Duane. "Kwa hiyo nalipa mwenyewe."

Duane hakuupokea. Uso wake, uliozoea mizaha, ulikuwa hauna pa kujificha. "Acha, shemeji. Gari ni lako, umelilea vizuri, na umeshinda. Kaendeshe. Uwanja huu kesho ni shamba."

"Nilikuweka rehani, Duane. Nilimweka rehani kaka wa mke wangu kwa kipande cha shaba."

"Na mimi? Nilikaa kimya vilevile. Nilikuwa nautazama mguu wako, nikiuombea ushuke."

"Lakini ulisema. Na ulipolisema ulijua linagharimu nini." Arvin alionyesha vibao vilivyolala mezani. "Wewe umekwisha kulipa. Vile pale. Mimi bado."

Lorna alikuwa amesimama mlangoni na koti lake. Aliwatazama wote wawili, kwanza mmoja kisha mwingine, na Duane akakutana na macho yake. Hatimaye akaupokea ufunguo, kwa vidole viwili, kama kitu chenye moto.

"Klachi inashika wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Juu kidogo. Usiionee haya. Na gia ya pili uiweke kwa uthabiti, haipendi kubembelezwa."

"Utepe?"

"Nimeubandua asubuhi. Kioo ni kitupu."

Arvin alisimama kwenye uzio pamoja na mkewe. Gari la kijivu lilisogea hadi mstari, likatulia, taa za kuanzishia mbio kwenye mlingoti zikashuka moja baada ya moja hadi ya kijani. Aliisikia injini kabla ya kuliona gari likiondoka. Aliisikia ikipanda hadi pale utepe ulipokuwa, na kuvuka, na kuendelea bila kukwama popote, safi, bila moshi nyuma. Vidole vyake vya mguu wa kulia vilikuwa vimejikunja ndani ya kiatu. Lorna akamshika mkono. Gari likapita mwisho wa uwanja na kupungua mbali, karibu na mashamba, na watu wakapiga makofi.

Walipokwisha kurudi chumbani, Norma alikuwa amekichora kibao kwa kalamu yake ya chuma: aina ya gari, tarehe, na jina, Duane Kuhl. Alitaka kukipachika kwenye ile nafasi ya mwisho wa ubao ambayo haikuwahi kuwa na kibao. Arvin akanyoosha mkono. Norma alimtazama, akaelewa, akampa kibao na bisibisi. Arvin akakiweka sawa kwa kidole gumba, pale pale alipopima siku ile, akazikaza skrubu moja baada ya moja mpaka zilipokataa kuzunguka, kisha akamrudishia bisibisi.